Mzeituni wa Mwadi

Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba, kusini mwa Italia, kila mzeituni utakaothibitishwa kuwa na ugonjwa uliokuwa ukiikausha mizeituni ya Salento ung'olewe, na kwamba katika maeneo yaliyo mpakani mwa ugonjwa huo, mimea inayoweza kuubeba ndani ya mita mia moja ing'olewe pia, hata ile inayoonekana mizima. Uamuzi ulitafsiriwa katika lugha nyingi, ukasahihishwa, ukachapishwa, na wakazi wa Brussels wakaendelea kunywa kahawa. Hawakuwa na kosa. Mji huu huamua mambo ya watu wa mbali kila siku ya kazi, na mtu akianza kuyalilia yote hatapata nafasi ya kuyaamua.

Larissa alikuwa miongoni mwa waliousahihisha. Alifanya kazi katika ofisi ndogo ya tafsiri karibu na Porte de Namur, ambayo ilipokea mabaki ya kazi kutoka ofisi kubwa zaidi, naye alikumbuka vizuri kwamba katika sentensi ya mita mia moja aliondoa alama moja ya mkato. Hakuiwaza tena. Ilipofika Aprili ya mwaka 2018, sentensi ile ilimfikia baba yake.

Baba yake aliitwa Donato. Alizaliwa katika kijiji kimoja kaskazini mwa Brindisi, akaenda Lubumbashi, Kongo, angali kijana kusimamia ujenzi, akakaa huko karibu miaka thelathini. Kiswahili cha Katanga alijifunzia juu ya majukwaa ya waashi, na kwa hiyo alikijua kikamilifu upande wa vipimo na upande wa matusi. Yaliyobaki alifundishwa na mkewe, Mwadi. Baada ya uporaji wa wanajeshi wa mwaka 1991 walihamia Brussels, wakapanga ghorofa ya pili ya nyumba kuukuu ya Saint-Gilles iliyokatwakatwa kuwa vyumba vya watu wengi. Mwadi alifia humo mwaka 2014, akazikwa Evere. Tangu hapo shemeji yake Donato, Maman Ngalula, mdogo wa marehemu, alikuwa akija karibu kila alasiri kumpikia na kumkosoa. Kumpikia kulichukua muda mfupi zaidi.

Mti wenyewe unahitaji maelezo. Katika ukoo wa Donato, bibi harusi alipoingia nyumbani kwa mara ya kwanza, mama mkwe alimpeleka shambani na kumpa mzeituni mmoja. Ardhi ilibaki ya ukoo, lakini mafuta ya mti ule yalikuwa yake, ayauze au ayagawe, na hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kumwuliza. Donato alipompeleka Mwadi kijijini kama mkewe, baba yake hakutoka chumbani kumpokea. Mama yake alisubiri hadi mlo ukaisha, akamshika yule msichana wa Likasi, mji jirani na Lubumbashi, mkono bila kusema neno, wakaenda hadi kwenye mti mmoja mnene uliojipinda kama nguo inayokamuliwa. Akauweka mkono wa Mwadi juu ya gome lake, akaubonyeza. Hakuna sherehe nyingine iliyofanyika. Tangu mwaka ule debe moja la mafuta lilisafirishwa kila baada ya mavuno, kwanza Lubumbashi, kisha Brussels. Mwadi aliwapaka watoto wake mafuta hayo, akayatia kwenye sombe, mboga ya majani ya mihogo, na katika wiki zake za mwisho Donato aliyatumia kuikanda miguu ya mkewe iliyokuwa imekufa ganzi.

Mwezi huo wa Aprili dada yake Donato, Cosima, aliyebaki kijijini, alimpigia simu kumwarifu kwamba mzeituni wa jirani umepimwa na kukutwa na ugonjwa. Kipimo cha mita kilinyooshwa, nao mti wa Mwadi ukaangukia ndani ya duara. Ulikuwa umepigwa alama nyekundu.

"Ni ofisi yako njo iliandika," Donato alimwambia binti yake jioni ile, kwa Kiswahili cha Katanga ambamo 'ndiyo' ni 'njo', sahani ikiwa mbele yake haijaguswa.

"Papa, mi niliondoa tu virgule."

"Bon. Ungeondoa na ile cent mètres."

"Angeondoa cent mètres, wangemuondoa yeye," alisema Maman Ngalula kutoka jikoni. "Kula, shemeji. Sombe inapoa."

"Uliweka mafuta ya Mwadi?"

"Niliweka mawese, kama watu. Dada yangu kichwa yake iliharibikia kwenu. Sombe na mafuta ya salade, nani alishaona?"

Donato alikula kidogo. Kisha akatangaza kwamba ameshamwagiza wakili wa kule apinge. Kwa kuwa ardhi ilikuwa kwa jina lake na la Cosima, pingamizi lake lilitosha kuzuia msumeno kwa muda, na muda ndio kitu pekee ambacho mzee wa miaka themanini anaamini kwamba kinaweza kushindwa kwa makaratasi. Alikuwa amekusanya pia nadharia zote zilizokuwa zikisambaa wakati ule: kwamba bakteria inayolaumiwa si chanzo, kwamba ni sumu za kuulia magugu, kwamba ni wenye mahoteli wanaotaka ardhi, kwamba ugonjwa haupo kabisa. Aliziamini zote kwa pamoja, ingawa ya kwanza na ya mwisho haziwezi kukaa katika kichwa kimoja. Larissa hakumkosoa. Alikuwa amesoma ripoti za wataalamu na kuona kwamba wao pia hawakubaliani juu ya mambo mengi, isipokuwa moja: mizeituni ya Salento ilikuwa inakufa kwa mamilioni, kuanzia kwenye ncha za majani, nao ugonjwa ulikuwa unapanda kaskazini.

Walichokuwa wanakijua wote, na ambacho hakuna aliyekitaja mezani, ni kwamba ng'ambo ya shamba la Cosima kulikuwa na mashamba ya majirani ambayo bado yalikuwa mazima, na kwamba majirani hao walikuwa wameanza kumsalimu Cosima kwa kichwa tu.

Pingamizi huchelewesha, haliokoi. Donato alilijua hilo, kwa hiyo akaenda Chaussée de Wavre.

Kule Matonge, mtaa wa Wakongo ambao barabara hiyo huupitia, mpwa wa marehemu mkewe, Doudou, mtoto wa kiume wa Maman Ngalula, alikuwa na duka la vyakula lenye upana wa mlango na nusu. Kila kilichouzwa mle, tangu viwavi waliokaushwa hadi kwanga, mikate ya mihogo, kilikuwa kimewahi kulala ndani ya valisi ya mtu, kati ya nguo, na Doudou alijivunia ujuzi huo kama wengine wanavyojivunia shahada.

"Tonton, mi nilishapitisha viwavi kwa ndege, Zaventem," alisema, akiegemea friji. "Douanier anafungua, anaangalia, anafunga yeye mwenyewe. Ananiambia bonne journée."

"Haiko viwavi. Ni matawi. Vipande fupi-fupi, vya kupanda."

"Matawi? Matawi ni repos, kazi ya kupumuzika tu. Haitembee."

"Cosima asijue."

Doudou alimtazama kwa makini zaidi. "Ni muti wa maman Mwadi?"

"Nataka nipande kwa balcon. Hata kamoja kakishika, inatosha."

"Alors, tonton, hiyo siyo kazi ya kuomba. Maman Mwadi alinilea."

Sheria ilikataza kabisa kuhamisha mimea ya namna hiyo kutoka eneo lililowekewa mipaka. Doudou hakuijua sheria. Donato aliijua, na hakumwambia. Larissa na Maman Ngalula waliambiwa tu kwamba Doudou anakwenda kumwona Cosima na kuleta jibini. Aliondoka Ijumaa. Cosima alimpokea kwa furaha ya mtu ambaye siku hizo hapokei wageni, akamlisha hadi akashindwa kuinuka. Jumapili Cosima alipokwenda misa ya alfajiri, Doudou alichukua mkasi wa kupogolea, akaenda shambani. Upande mmoja wa mti matawi machache yalikuwa na majani yaliyoungua kwenye ncha, kana kwamba mtu ameyapitisha juu ya mshumaa. Upande wa pili ulikuwa kijani. Akakata kwenye kijani.

Kisha akafungasha kama alivyofundishwa na mama yake kufungasha majani ya sombe: magazeti yaliyolowanishwa, na ndani ya magazeti tabaka la majani mabichi ya kuzuia joto, maana sombe ikisafiri bila majani mengine huwa inaiva njiani. Majani mabichi hayakuwa mbali. Aling'oa yaliyoota chini ya mti uleule, kwa viganja vyote viwili.

Jumapili hiyohiyo alasiri valisi ilifunguliwa juu ya meza ya jikoni pale Saint-Gilles. Donato alikuwa ameandaa ndoo, udongo na vyungu vya plastiki, na alikuwa amenyoa ndevu. Maman Ngalula, aliyekuja kuonja jibini, aliona magazeti yaliyolowana na kuelewa mara moja kwamba jibini halikuwa shabaha ya safari. Larissa, aliyekuwa ameleta maua ya Jumapili kwa ajili ya picha ya mama yake, alibaki nayo mkononi.

Doudou alikunjua kurasa moja baada ya nyingine. Vijiti vilionekana, vikiwa na majani yake membamba ya rangi ya fedha upande wa chini, vikiwa vibichi kana kwamba vimekatwa saa ile. Donato alikichukua kimoja na kukinusa. Uso wake uliachilia kitu kilichokuwa kimeushikilia tangu mazishi. Larissa alikiona, na kwa muda alitamani kuwa mtu asiyejua kusoma.

"Aliweka na majani," alisema Maman Ngalula, akigeuza tabaka la majani kwa kidole, fahari ikiwa imemshinda. "Nilimufundisha vizuri, huyu mutoto." Kidole kikasimama. "Lakini nani alitema mate humu?"

"Maman, mi sitemake mate kwa valise."

"Na hii ni nini? Angalia. Na hapa tena."

Kwenye mashina ya majani yale yalikuwapo matone ya povu jeupe, kama ya sabuni. Larissa aliweka maua chini. Akachukua njiti ya kiberiti, akalifungua povu moja taratibu. Ndani kulikuwa na kidudu laini, cha rangi ya kijani hafifu, kisichozidi punje ya mchele, ambacho kilirudi nyuma kutafuta giza.

"Papa," alisema, "hiki njo kile kidudu. Kinanyonya muti mugonjwa, kikikomaa kinaruka, kinapeleka ugonjwa ku mwingine. Watoto wake wanajifichaka mu povu kama hii. Iko mu texte. Nilisoma."

"Ni povu tu."

"Papa."

"Hapa hakuna mizeituni. Kiende kunyonya nini? Chuma cha tram?"

"Kuna cerisier, ule mucheri wa hapo nyuma. Kuna lauriers-roses, oleanda ya madame wa chini. Hiyo yote inashika."

Kwa haki lazima isemwe kwamba huenda vidudu vile havikuwa na ugonjwa wowote, na huenda vijiti vile pia vilikuwa vizima. Hakuna jicho linaloweza kutambua. Ndiyo sababu watu waliamua kupima kwa mita badala ya kupima kwa huruma. Lakini mwanamume aliyekaa pale mezani hakuwa anatetea hoja ya sayansi. Alikuwa ameshika kijiti kwa mikono miwili.

"Alors ita polisi yako," alisema Donato. "Wakuje. Wachukue. Wanachukua ule mukubwa, wachukue na watoto wake. Mi niko na nini tena ya mama yako? Nguo uligawa. Debe la mafuta limebaki hivi." Akaonyesha kwa vidole viwili. "Mwadi angekuwa hapa, angeupanda. Ninamujua. Hangekubali."

Larissa aliirudisha njiti ya kiberiti ndani ya kisanduku chake.

Maman Ngalula ndiye aliyesogea. Alifunga dirisha, akafunga mlango wa baraza, akashusha mfuniko wa valisi, akaiteremsha sakafuni, kisha akaketi juu yake kwa uzito wake wote. Akavuta kitambaa chake magotini.

"Shemeji, Mwadi alikuambiaka ya mihogo ya Likasi?"

"Mihogo gani?"

"Basi hakukuambia. Miaka yote hiyo." Alionekana kufikiri kama ni haki yake kusema. "Mama yetu alikuwa na shamba, pale njia ya Kambove. Siku moja shangazi yetu anatoka Kamina na treni, anakuja na mafungu ya miti ya mihogo. Ya kupanda. Zawadi. Alibeba mu kichwa, muzee wa watu, kutoka gare mpaka kwetu. Mama alifurahi mpaka analia. Tukapanda yote."

"Na?"

"Na ilikuwa na batobato. Majani inajikunja, inakuwa njano-njano, kama mutu anaumwa homa. Chini hakuna kitu, mizizi kama vidole. Agronome, bwana wa mashamba, anapita, anasema, ng'oa. Mama anakataa. Anasema, hii ni mukono wa shangazi yenu, nitang'oaje mukono wa shangazi? Agronome anaenda zake. Mwaka unaofuata iko kwa shamba ya Maman Kabedi. Halafu kwa wale wa ng'ambo ya mutaro. Watu wakaanza kutusalimia hivi." Akatikisa kichwa kidogo, kwa namna ambayo Donato aliitambua, kwa sababu Cosima alikuwa amemwelezea kwenye simu.

Doudou, ambaye hakuwahi kusikia habari hii, alisahau kwamba amesimama na kisu cha jibini.

"Mwadi alikuwa angali kasichana, anasoma kwa masista," aliendelea Maman Ngalula. "Siku mama alikuwa kanisa, anachukua jembe. Aliniambia nimufuate na kiberiti. Aling'oa yote, shemeji. Ya shangazi yote. Mikono inatoka damu, na analia, na anang'oa. Mi niliogopa, nikamuambia mama atatuua. Ananiambia, shangazi alileta hii juu ya kutupenda. Kama angejua, njo yeye angekuja kung'oa."

"Na mama yenu?"

"Alirudi, anaona moshi. Hakusema kitu. Alikaa chini pale mu shamba na robe yake ya kanisa. Mwadi akakaa pembeni. Mpaka jioni. Halafu mama anamuambia, enda upike. Na neno ya mihogo haikutoka tena mu nyumba ile." Akakinyoosha tena kitambaa chake. "Njo maana hakukuambia. Haikuwa aibu. Ilikuwa imeisha tu."

Mtu anaweza kuishi na mwingine miaka arobaini, akamzika, akaamini kwamba sasa angalau anamjua kikamilifu, kwa kuwa hatabadilika tena. Donato alikuwa katika imani hiyo hadi alasiri ile. Alikitazama kijiti, kisha akamtazama shemeji yake kana kwamba amemletea mgeni ambaye hakumtarajia, msichana mwenye mikono inayotoka damu, ambaye yeye hakuwahi kukutana naye.

"Alilia?" aliuliza.

"Alilia sana. Lakini mukono haukusimama."

Donato alitikisa kichwa mara kadhaa. Kisha akainuka, akasema kwa sauti ya yule msimamizi wa waashi wa zamani: "Ondoka juu ya valise, shemeji."

Waliteremka wote hadi ua wa nyuma. Maman Ngalula aliazima mbabula, jiko la makaa ambalo Mrundi mmoja wa ghorofa ya chini alichomea samaki wakati wa kiangazi. Vijiti vya mzeituni vikiwa vibichi haviwaki kwa hiari. Vinatoa kwanza mvuke, halafu moshi mzito wenye harufu tamu, halafu vinapasuka. Magazeti yaliungua, majani yakaungua, mapovu yakatoa mlio mdogo sana. Donato alivitia motoni yeye mwenyewe, kimoja kimoja, na hakuna aliyejaribu kumsaidia. Doudou alimwaga birika zima la maji yanayochemka ndani ya valisi yake, akitazama bitana ikivimba.

"Ilikuwa valise ya maana," alisema.

"Itakauka," alisema mama yake.

"Haitakauka, maman. Lakini si kitu."

Bibi wa oleanda alifungua dirisha akauliza kwa Kifaransa kama wanachoma nyama. Maman Ngalula alimjibu kwamba hapana, ni matanga. Yule bibi aliomba radhi, akafunga dirisha polepole, na baadaye akateremsha sahani ya biskuti.

Kesho yake Larissa alitoa taarifa kwenye ofisi ya serikali inayohusika na afya ya mimea. Alijiandaa kwa faini na aibu. Alikuja mwanamume mmoja mpole aliyevaa buti, akakagua mcheri na oleanda, akachukua majani machache, akamwuliza Donato maswali ambayo mzee aliyajibu bila kumtaja Doudou, akaenda zake. Majibu yalipotoka hayakuwa na kitu. Ingependeza kusema kwamba hilo linathibitisha kwamba walichoma kitu kizima bure, au kwamba walichoma kwa wakati. Ukweli ni kwamba halithibitishi lolote.

Wiki hiyohiyo Donato aliondoa pingamizi. Alimpigia Cosima na kumwambia. Cosima akauliza kama ana uhakika, naye akasema hana, lakini waje wakate. Akamwomba dada yake jambo moja: siku ya kukata asiwe peke yake kule shambani bila yeye kuwa naye kwa simu.

Miaka iliyofuata ugonjwa uliendelea kupanda kaskazini. Wapo wanaosema ungepanda upesi zaidi kama miti isingekatwa, na wapo wanaosema ingekuwa vilevile. Mwandishi wa habari hii hana uwezo wa kuamua kati yao, na anawashuku kidogo wale walio nao.

Siku ya kukata ilikuwa mwezi wa Mei, asubuhi ya katikati ya wiki. Donato alikuwa ametarajia kukaa peke yake na simu. Lakini Maman Ngalula alifika mapema akiwa na sufuria la samaki lililofungwa kwa kitambaa, akaondoa meza ndogo sebuleni na kusogeza viti ukutani, kama inavyofanywa panapokuwa na msiba. Doudou alifunga duka. Larissa aliomba ruhusa kazini, na alipoulizwa sababu alisema ni kifo katika familia. Hakuona alama ya kuondoa katika sentensi hiyo. Waliketi. Hakuna aliyemwambia Donato ajikaze. Kwenye matanga ya kwao mtu haambiwi ajikaze. Watu hukaa naye tu, wakiongea juu ya bei ya samaki, hadi mambo yatakapofika.

Simu ilikuwa juu ya kiti, sauti imefunguliwa. Walisikia upepo, na Cosima akiongea na wanaume. Kisha msumeno ukawaka. Ulilia kwa sauti nyembamba, ukazama, ukawa mzito, ukasimama, ukaanza tena. Shina lilikuwa nene na limejipinda, na wakataji walilazimika kuzunguka. Donato aliweka viganja vyake juu ya magoti, na kila msumeno ulipozama vidole vyake vilikaza. Maman Ngalula alikuwa ameacha habari za samaki. Larissa aliketi karibu na baba yake, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili mzee aliuegemeza uzito wake kwake.

Halafu kukawa na mlio ambao haukuwa wa msumeno. Halafu upepo tu.

Cosima alianza kulia. Alilia kwa sauti ya juu, kizamani, kama wanawake wa kijiji chake walivyolia kabla ya kufundishwa kwamba si ustaarabu. Alikuwa mwanamke wa miaka themanini na mitatu aliyesimama peke yake katika shamba lililotobolewa, pamoja na wanaume waliokuwa na haraka ya kwenda shamba linalofuata. Donato aliinua simu kumfariji. Alifungua kinywa, na hakuna lugha iliyotoka, wala ya kwao wala ya Likasi. Akabaki ameishika hivyo.

Maman Ngalula, aliyekuwa ameingia jikoni mti ulipoanguka kuchekecha unga wa bukari, ugali wa kwao, alitoka, mikono ikiwa imejaa unga hadi viwikoni. Akaja akainama juu ya simu.

"Cosima," alisema. "Mi Ngalula, mudogo wa Mwadi. Lia, dada. Lia tu, tuko hapa wote. Kaka yako yuko hapa, amekaa vizuri. Leo atakula, nitamusimamia."

Kilio kule kilipungua. Cosima alijibu kwa maneno mengi, kwa lahaja ya kijiji chake ambayo hata Waitaliano wa mjini hawaielewi. Ngalula hakujua neno moja la Kiitaliano, na Cosima hakuwahi kusikia Kiswahili isipokuwa mdomoni mwa wifi yake, miaka mingi iliyopita. Ngalula alisikiliza hadi mwisho, akaitikia, akasema kwamba ndiyo, ndivyo ilivyo, na kwamba Mwadi alimsifia sana mama yao. Cosima akasema jambo lingine, refu zaidi. Ngalula akacheka kidogo katikati ya machozi yake mwenyewe, na kule upande wa pili Cosima pia akasikika akivuta pumzi ya mtu anayekaribia kucheka. Mtu wa mantiki angesema kwamba hakuna taarifa yoyote iliyopita kati yao, na angekuwa na haki.

Mazungumzo yaliendelea. Kwa kuwa mikono ya Ngalula ilikuwa na unga, Donato ndiye aliyeishika simu karibu na sikio la shemeji yake, na mkono mmoja ulipochoka aliihamishia kwenye mwingine, taratibu, asije akawakatiza.